Mkwe Wetu wa Televisheni

Juzi hapa Kabambare nilikuwa dukani nanunua sabuni, mwenye duka akanigeuzia simu yake. "Mwalimu, angalia huyu mutu," akasema huku anacheka peke yake. Kwenye kioo alikuwamo kijana mwenye kaptula nyekundu, amejaza mkate mdomoni, anacheza dansi juu ya meza. Video yenyewe ilikuwa ya zamani, imepita simu nyingi mpaka sura zimefifia. Niliitazama mpaka ikaisha, nikalipa sabuni yangu, nikatoka. Mwenye duka hakujua kwamba yule kijana aliwahi kunichumbia, na mimi sikuona sababu ya kumfundisha. Darasa langu la asubuhi linanitosha.

Lakini njiani nilijikuta natabasamu, na aliyenitabasamisha hakuwa yeye. Alikuwa mama yangu. Video ile ilipoonyeshwa mara ya kwanza, mimi na mama tulikuwa Kasongo, ndani ya ukumbi wa mbao uliojaa watu, na mama alikuwa ameipa televisheni mgongo.

Wakati ule tulikaa karibu na soko. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Mama aliuza mchele na mawese, mimi nilikuwa nimeanza kufundisha shule ya msingi, na yule kijana alikuwa motari, anabeba watu kwa pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare. Anayeijua barabara ile wakati wa mvua anajua kwamba abiria anashuka mara nyingi kuliko anavyopanda. Ila watu walimtafuta yeye na kuwaacha wengine, kwa sababu ya ulimi wake. Akikuangusha kwenye tope, kabla hujakasirika amekwisha kukuambia, "Mama, hapa njo nyumbani kwa mashemeji, wanataka wakusalimie." Utamkasirikia vipi mtu kama huyo? Mimi aliniangusha karibu na Lusangi, nikiwa nimevaa kitenge kipya, nikacheka mpaka nikashindwa kusimama. Huo ndio ulikuwa mwanzo wetu.

Alikuja na wajomba zake kubisha hodi kwa baba zangu wadogo, wakapokelewa vizuri. Mbuzi wa mahari walikuwa bado, lakini mlango ulikuwa umefunguliwa, na siku hiyohiyo ikaanza ile haya ya mkwe na mama mkwe. Mgeni asiyejua desturi yetu atashangaa. Kijana akishakuwa mkwe, yeye na mama wa msichana hawatazamani tena. Wakikutana njiani, mkwe anaingia kwenye majani na kugeuka, mama anafunika uso kwa kitambaa na kupita. Kumwona mkwe kifua wazi ni aibu. Kumwona anakula ni aibu kubwa zaidi, kinywa chake hakiyahusu macho yako. Mwanaume ambaye si mkwe wako unaweza kumkalia mbele mpaka alambe sahani, hakuna atakayekuuliza. Mkwe unampikia chakula kizuri kuliko cha mtu yeyote, kisha unaondoka asikuone.

Siku moja sokoni yule kijana alimwona mama ghafla, akajirusha nyuma ya magunia ya mchele kama mtu anayekimbia risasi, akamwangusha bibi mmoja na ndizi zake. Soko zima lilicheka. Mama aliporudi nyumbani alikuwa amefurahi sana. "Ule anajua kunificha," akaniambia. "Mwanaume anayejua kuona haya atakutunza."

Basi wakaja watu wa televisheni. Walikuwa watatu, na kamera zao, wanatafuta kijana wa kawaida kutoka jimbo letu la Maniema. Kulikuwa na mchezo mmoja, vijana wa kila upande wa nchi wanafungiwa nyumba moja huko Kinshasa, wanapigwa picha asubuhi mpaka jioni, wakila, wakigombana, wakifua nguo, na watu wa nyumbani wanapiga kura kwa mesaji za simu nani abaki. Wale watu hawakumtafuta yeye. Walimkodi tu, pamoja na motari wengine wawili, awarudishe Kasongo kutoka Kabambare. Waliangushwa mara tatu, na kila mara ulimi wake uliwachekesha. Walipofika mjini, matope mpaka kwenye nyusi, walikuwa wanashika mbavu kwa kucheka, na wiki mbili baadaye akaitwa.

Alikuja kuniaga nyuma ya jiko letu. Aliniambia miezi mitatu si kitu. Alisema akirudi, mbuzi watakuja kwa mstari. Nilimwamini, na hata leo sijioni mjinga kwa kumwamini, maana wakati anasema maneno yale yalikuwa ya kweli.

Mchezo ulionyeshwa kila siku, lakini Jumapili saa tisa walirudia mambo ya wiki nzima, na ndiyo saa ambayo Kasongo yote ilikuwa na nafasi. Mwenye ukumbi wa video aliweka dishi juu ya bati, akawasha jenereta, na watu wakamiminika, wengine wametoka misa, wengine wametoka msikitini kuswali adhuhuri, kila mtu anataka kumwona kijana wetu. Jumapili ya kwanza mama alivaa kitenge chake cha sikukuu. Sijui alifikiri atamwona vipi. Nadhani alifikiri televisheni ni kama picha ya ukutani, mtu amesimama na suti.

Tukaketi mbele. Kioo kikawaka, na kitu cha kwanza kilichotokea ni mkwe wake, mkubwa kama mlango, kifua wazi, anapiga mswaki.

Mama alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Alijifunika kitenge kichwani, akasimama, akaanza kutafuta mlango bila kuona, akakanyaga miguu ya watu, akamwaga karanga za muuzaji. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Mzee mmoja akamwita, "Mama, rudi! Macho hayana pazia!" Mama akajibu kutoka ndani ya kitenge, "Yangu iko na pazia!" na akatoka.

Nilidhani yamekwisha. Lakini wiki nzima mama hakutulia. Akipima mchele anasimama na kikombe mkononi. "Mutoto wa watu iko kule peke yake," anasema, "na sisi ndio watu wake. Tukikaa nyumbani, nani anamufuata?" Jumapili ya pili alinishika mkono tukarudi ukumbini. Alibeba kiti chake kifupi cha jikoni, akapita mbele kabisa, akakiweka chini ya televisheni, akaketi ameipa mgongo. Uso wake ulielekea kwetu sisi wote. Mwenye ukumbi alipokuja kukusanya kiingilio alimtazama, akatikisa kichwa. "Huyu anaingia na masikio tu," akasema. "Masikio hatuyalipishi."

Taabu ilikuwa moja. Ndani ya nyumba ile walizungumza Kifaransa, ndiyo ilikuwa sheria, na mama Kifaransa hakukijua. Hivyo nikawa macho yake na masikio yake pia. Nilikaa mstari wa kwanza, magoti yangu karibu yaguse yake, namweleza kila kitu kwa sauti.

"Iko nafanya nini sasa?"

"Iko nafagia, mama."

"Anafagia? Wasichana wako wapi?"

"Wamekaa."

"Na wanamwangalia hivi hivi? Masikini ya Mungu. Anakula bukari?"

"Hapana, ugali hawana. Mkate."

"Kila siku mkate? Atarudi amekuwa ufito."

Wiki ya tatu watu wa nyuma walianza kulalamika kwamba hawanisikii vizuri. Hawakulalamika juu ya televisheni, walilalamika juu yangu. Wengi hawakujua Kifaransa zaidi ya mama, ila waliona aibu kusema, na sasa walikuwa wamepata mtu wa kuwafafanulia bure. Nikapaza sauti. Nikaanza kutia chumvi kidogo, naiga namna yule msichana wa Mbuji-Mayi alivyonuna, namna yule wa Matadi alivyoficha maziwa yake chini ya kitanda. Watu wakacheka, na mama, aliyekuwa anawaona usoni, akacheka kwa sababu wao wanacheka. Kuna siku umeme wa jenereta ulikatika katikati na hakuna aliyetoka. Waliniambia niendelee tu. Nikaendelea, nikabuni, na mpaka leo kuna watu Kasongo watakaokuapia waliona kwa macho yao ugomvi wa sufuria ambao haukutokea.

Nikawa vedeti na mimi, yaani nyota, vedeti wa robo. Sokoni wauza samaki wa Lualaba waliniongezea mmoja juu. Wanafunzi wangu walinung'unikia hesabu, wanataka habari za nyumba. Wanawake nisiowajua waliniita "bibi ya televisheni," na mimi nilitembea polepole ili waniite tena. Nasema ukweli, nilipenda. Motari wenzake walichanga vocha wakapita nyumba kwa nyumba wakipiga kura kwa simu za watu, hata za watu waliolala.

Nina hamu na zile Jumapili. Nimekwisha kuolewa, nina watoto, bwana wangu ni mtu mwema anayelala mapema, na yule kijana sina hamu naye hata kidogo. Lakini harufu ya mafuta ya jenereta ikinipitia, moyo unashuka mara moja mpaka kwenye benchi lile, na magoti ya mama, na kitenge chake, na nyuso zote zile zilizokuwa zinafurahi kwa jambo moja. Ukumbi ulifungwa zamani. Siku hizi kila mtu anacheka peke yake na simu yake, kama mwenye duka wa juzi. Mama naye hayupo tena. Alizikwa Kasongo, na nikienda huko napita pale ulipokuwa ukumbi kabla sijafika makaburini.

Katika wiki ya sita mambo yalianza kuharibika. Msichana mmoja wa ile nyumba, mwenye sauti nzuri, alianza kukaa karibu na yule kijana wangu. Kwanza walikaa tu. Halafu alimnyoa nywele. Halafu Jumapili moja nikamwona anamlisha, anakata kipande cha nanasi, anakitia mdomoni mwa mchumba wangu kwa vidole vyake, na yeye anafumba macho.

"Sasa iko nafanya nini?" mama akauliza.

"Iko naomba," nikasema.

"Anaomba Mungu?"

"Ndiyo, mama. Wanaomba pamoja."

Hakuna aliyenikosoa. Watu wale ambao kwa kawaida hawawezi kunyamaza hata msibani walinyamaza kwa ajili yangu, na hilo sitawasahau. Mama alinitazama, kisha akatazama mstari wa pili, wa tatu, mpaka nyuma.

"Basi ni mutu wa dini," akasema.

Jumapili iliyofuata waliomba tena. Na nyingine. Niliwaombesha mpaka mimi mwenyewe nikachoka, nikawapa na nyimbo. Usiku sikulala vizuri, nilijiambia ni mchezo tu, wanawalipa wafanye hivyo, kamera inamlazimisha. Wajomba zangu walileta methali, kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, niende Kinshasa nikampige huyo nyoka mwenyewe. Ningekwenda na nini? Na ningegonga mlango gani?

Kisha ikaja Jumapili ya maswali. Mtangazaji aliwaketisha wote wanane waliobaki, akamuuliza kila mmoja jambo moja, ni nani anayekusubiri nyumbani. Wengine walilia. Yule msichana alisema mama yake. Zamu ya wetu ilipofika alitabasamu lile tabasamu lake la kwenye tope, akasema kwa Kifaransa kizuri sana, bila kusitasita, kwamba wanaomsubiri ni mama yake mzazi na pikipiki yake. Mtangazaji akacheka, akauliza, na msichana je? Akajibu, "Hakuna." Halafu akageuka kumtazama yule wa nanasi.

Waliojua Kifaransa waligutuka kwanza. Waliobaki waliwatazama hao, na nyuso zao zikafuata. Mimi sikugeuka nyuma. Nilikuwa namtazama mama, na mama alikuwa anautazama ukumbi mzima, mtu mmoja mmoja, kisha akanirudia mimi.

"Anasema nini?"

"Anatusalimia," nikasema. "Anasema wanaomusubiri nyumbani anawapa salamu nyingi."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Akakamata kiti chake, akanishika mkono kama nilipokuwa mdogo, tukatoka nje kwenye jua, na watu wakatupisha. Tukavuka soko. Hapo ndipo aliposema, "Mwanangu, kumi na moja Jumapili ninaangalia sura yako. Unafikiri kule mbele kulikuwa na nini kingine cha kuangalia?"

Nililia barabarani, mchana kweupe, mimi mwalimu. Hakuninyamazisha.

Yule kijana hakushinda. Walimtoa wiki iliyofuata, na nasikia vocha za Kasongo zilipungua ghafla, ingawa hakuna aliyekiri. Alirudi kwa ndege mpaka Kindu, na kutoka Kindu motari wakampokea, wamefunga matawi ya mitende kwenye pikipiki zao. Siku mbili hakugusa ardhi, ni kubebwa tu. Alikuwa amevaa miwani myeusi. Walimpiga picha akiwa na mapadre, na mashehe, na mgonjwa mmoja aliyeletwa kwa baiskeli kutoka mbali ili amguse. Simlaumu kwa furaha ile. Hata mimi niliyepata robo ilinilevya, sembuse yeye aliyepata nzima.

Siku ya tatu alikuja kwetu. Lilikuja kundi zima naye, vijana na watoto, simu juu. Lakini alipofika kwenye uzio aliwaambia wanyamaze, akavua miwani, akatugeuzia mgongo, akakohoa kama mkwe anavyokohoa. Akasema kwa sauti ya heshima, akiwa ameelekea barabarani, "Hodi kwa mama. Ni miye, mukwe wenu. Ule ulikuwa mchezo tu, mama. Mbuzi wako njiani."

Mgongo ule niliujua. Niliwahi kuushika kutoka Kasongo mpaka Kabambare, nimefumba macho kwa hofu, nacheka. Kama angekuja na maringo ingekuwa rahisi. Alikuja na haya yake ileile iliyompendeza mama, na nadhani alikuwa anasema kweli, kama alivyosema kweli nyuma ya jiko, na kama alivyosema kweli Kinshasa. Kila mahali alipokuwa, ndipo ukweli wake ulipokuwa.

Mama alikuwa jikoni, kitambaa mkononi, hajajifunika bado. Wali ulikuwa umeiva, na samaki. Alinivuta karibu na moto.

"Nijifiche ao nimuangalie?" akaniuliza.

Nilielewa ananiuliza nini. Akijifunika, basi bado ni mkwe, mambo yanaendelea, na nje wanapiga vigelegele. Baba zangu wadogo wangesema ajifunike. Mbuzi, jina, watu wote wale kwenye uzio. Nami nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nampenda. Nilimpenda hata wakati ule nafungua kinywa.

"Umuangalie, mama," nikasema.

Akakitupa kitambaa juu ya kuni. Akatoka uso wazi mpaka katikati ya uwanja. "Karibu, mwanangu," akamwambia, namna anavyomkaribisha kijana yeyote wa mtaani. "Geuka. Kuja ukae. Umetoka mbali, utakula."

Niliuona mgongo wake unakakamaa. Kwenye uzio wakubwa waliacha kucheka, watoto ndio waliendelea kidogo. Akageuka polepole, macho chini. Mama alimwekea kiti, nikaleta maji akanawa, nikaleta wali na samaki, nikaweka mbele yake. Mama akaketi kwenye mkeka palepale, hatua mbili kutoka kwenye sahani, akamtazama mdomoni.

Alijaribu tabasamu lile, halikukaa. Akatafuta upande wa kugeukia, pande zote kulikuwa na watu. Nchi nzima ilikuwa imemwona akila, na hakuwahi kushindwa na tonge.

"Kula, mwanangu," mama akasema bila ukali wowote. "Chakula kinapoa."

Akachukua tonge, akalitia mdomoni, akatafuna muda mrefu, machozi yanashuka mpaka kwenye mashavu. Mama hakuondoa macho. Alipomeza, nilijua sina mchumba tena. Nikarudi jikoni kumletea maji ya kunywa, kwa maana alikuwa mgeni wetu.